Magazini Imetoka, Lakini Je, Bastola ni Tupu?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Kiamunyi, Nakuru. Anaandika: "Mume wangu ana bastola aina ya Ceska aliyopewa leseni kwa sababu ya biashara yake. Akirudi jioni huchomoa magazini na kuitia kwenye droo, bastola yenyewe anaiweka juu ya kabati. Nikimtajia watoto, yeye husema nisiwe na wasiwasi, bila magazini hicho ni chuma tu. Jirani yetu, askari mstaafu, ameniambia risasi moja inaweza kubaki ndani. Yupi anasema kweli? Nieleze hiyo mashine inavyofanya kazi, maana nimechoka kuambiwa niamini tu. Sefti yake haitoshi? Na je, nijifunze kuitoa hiyo risasi mwenyewe?"

Mama, jirani yako anasema kweli. Bastola ya mume wako ikiwa haina magazini, kile kisanduku cha kubebea risasi, bado inaweza kufyatua risasi moja, na risasi moja yatosha kuua. Nimewafundisha watu wenye leseni Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, na hakuna imani inayonitia hofu kama hii ya "nimetoa magazini, kwa hiyo ni tupu." Wanaoishikilia si wazembe. Wengi ni watu makini kabisa, ila hakuna aliyewaeleza risasi hukaa wapi na hufika pale kwa njia gani. Umefanya vyema kuomba maelezo ya mashine yenyewe, kwa sababu ukishaielewa utalijibu swali lako bila kunitegemea mimi wala jirani.

Tuanze na risasi. Bastola nyingi za Ceska hutumia ile ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Ina ganda la shaba lenye urefu wa milimita 19 hivi. Ndani ya ganda mna baruti, juu kumebanwa kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 7 na nusu hadi 8, na katikati ya kitako cha ganda kuna praima, kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Praima huwasha baruti, baruti hugeuka gesi, gesi hukisukuma kichwa kupitia kwenye mtutu. Nguvu ya gesi hiyo si ya kufikirika kirahisi. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa risasi hii ni presha ya bar 2,350. Ukipeleka gari dogo kwenye kituo cha mafuta watakujazia tairi hadi psi 30 hivi. Kwa kipimo hichohicho, ndani ya bastola presha inaweza kufika psi 34,000. Ni zaidi ya mara elfu moja.

Presha kama hiyo haiwezi kuzuiwa na magazini, ambayo ni kisanduku cha bati jembamba chenye springi. Kwa hiyo risasi haifyatuliwi ikiwa ndani ya magazini. Hufyatuliwa ikiwa ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu, iliyotengenezwa kwa chuma kinene na kuchongwa iienee risasi moja tu. Magazini iko ndani ya mpini, chini. Chemba iko juu, mbele ya magazini. Risasi ikishaingia kwenye chemba haina uhusiano wowote tena na magazini. Unaweza kuichomoa magazini, ukaitupa Ziwa Nakuru, na ile risasi ya chemba itabaki palepale ikisubiri kugongwa.

Sasa, inafikaje pale? Juu ya bastola kuna kipande kirefu cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma kwenye reli za fremu. Tunakiita slaidi. Chini ya mtutu kuna springi nene ambayo daima inaisukuma slaidi mbele. Mtu anayekoki bastola huivuta slaidi nyuma kwa mkono hadi mwisho, kisha huiachia. Springi inairudisha mbele kwa nguvu, na katika kurudi slaidi hukwaruza risasi ya juu kabisa kwenye magazini, huipandisha kwenye mteremko mdogo wa kuingilia, hadi ndani ya chemba. Wakati huohuo ndoano ndogo iliyo kwenye uso wa slaidi hunasa mfuo ulio kwenye kitako cha ganda. Ikumbuke ndoano hiyo, tutaihitaji baadaye. Sasa risasi moja imehama kutoka magazini kwenda chemba, na springi ya magazini imeinua ya pili ichukue nafasi yake.

Triga ikivutwa, nyundo huachiliwa na kuigonga pini, pini hugonga praima. Kichwa cha risasi kinakwenda mbele kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Gesi hiyohiyo inasukuma ganda nyuma, na ganda linaisukuma slaidi. Ndilo teke ambalo mpigaji hulihisi mkononi. Katika bunduki nyingi za kale teke hilo lilikuwa usumbufu tu. Wabunifu wa mwishoni mwa karne ya 19 wakaanza kulitumia kufanya kazi.

Hapo pana tatizo kubwa la kiufundi, na jinsi lilivyotatuliwa ni jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Slaidi ikifunguka mapema mno, wakati kichwa cha risasi bado kiko ndani ya mtutu, ganda litatoka kwenye chemba likiwa limejaa gesi ya presha ile niliyoitaja na litapasuka karibu na uso wa mpigaji. Ni lazima mlango huo, yaani slaidi inayoziba chemba, ubaki umefungwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ufunguke wenyewe. Mmarekani John Browning ndiye aliyelipatia jibu ambalo ulimwengu umelishika. Alitia meno juu ya mtutu yanayoingia katika mifereji iliyo ndani ya slaidi. Risasi ikilipuka, mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimeshikana, milimita chache tu. Katika mwendo huo mfupi kichwa cha risasi kimeshatoka na presha imeshuka. Ndipo nyuma ya mtutu inapovutwa chini, meno yanaachia mifereji, mtutu unasimama, na slaidi inaendelea peke yake. Katika bastola aliyoibuni iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, kazi ya kuushusha mtutu hufanywa na kiungo kidogo kinachozunguka kwenye pini. Katika bastola yake ya mwisho, iliyokamilishwa na Dieudonné Saive wa Ubelgiji na kutolewa mwaka 1935 baada ya Browning kufariki mwaka 1926, kiungo kile kiliondolewa. Badala yake pakawekwa mteremko uliochongwa kwenye chuma chenyewe chini ya chemba.

Ceska ya mume wako, ikiwa ni ya ukoo wa CZ 75, modeli mashuhuri ya Ceska, hutumia mteremko wa namna hiyo. CZ 75 ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, huko Chekoslovakia katika miaka ya 1970. Glock nayo, iliyopokewa na jeshi la Austria mwaka 1982, inafuata njia ileile ya mtutu unaoinama, ingawa fremu yake ni ya plastiki ngumu. Beretta 92 ina njia nyingine, ya kipande kinachoshuka chini ya mtutu. Zile ndogo za risasi hafifu, kama Walther PP na Makarov, hazina kufuli lolote. Uzito wa slaidi na ugumu wa springi ndivyo vinavyochelewesha mlango.

Turudi kwenye slaidi inayokwenda nyuma. Ile ndoano inavuta ganda tupu kutoka kwenye chemba. Ganda likifika mwisho linagonga kijino kilichosimama kwenye fremu, linaruka nje kupitia dirisha lililo upande wa kulia. Hayo ndiyo maganda ambayo polisi huyaokota mahali pa tukio. Slaidi inaendelea kurudi, inailaza nyundo nyuma, inaibana springi, halafu inasukumwa mbele tena na kuchukua risasi nyingine. Yote hayo yamefanyika kabla mpigaji hajapepesa jicho, na hakugusa chochote ila triga.

Mama, tazama bastola iko katika hali gani sasa. Risasi moja imetoka, na nyingine imeshaingia chembani. Nyundo imeshalala nyuma tayari. Triga ambayo mara ya kwanza pengine ilikuwa ndefu na nzito, sasa ni fupi na nyepesi. Mashine hii imeundwa ili kila mara inapomaliza kazi iwe tayari kwa kazi inayofuata, kwa hiyo hali yake ya kawaida baada ya kukokiwa, hata baada ya kupigwa, ni kuwa na risasi chembani. Mwisho wake ni pale magazini inapokwisha: kibati kinachosukuma risasi hupanda hadi juu na kuinua kizuizi, slaidi inabaki wazi nyuma. Anayeichomoa magazini kabla risasi hazijaisha anakatiza ugavi tu.

Pengine utauliza kwa nini risasi zote zisitoke mfululizo, ikiwa kila kitu kiko tayari. Kuna kipande kidogo kinachotenganisha triga na nyundo kila slaidi inaporudi nyuma. Hadi kidole kiiachie triga irudi mbele, uhusiano haurudi. Ndiyo maana inaitwa nusu otomatiki: inajijaza yenyewe, ila kila risasi inataka triga ivutwe upya.

Zipo bastola ambazo zimewekewa kizuizi cha magazini, zikikosa magazini triga haifanyi kazi. Ile ya Browning na Saive ya 1935 ni mojawapo. Lakini CZ 75 ya kawaida haina kizuizi hicho, na Glock za kawaida hazina. Nadhani imani ya mume wako ilianzia kwa mtu aliyewahi kuiona bastola yenye kizuizi, akadhani zote ziko hivyo. Na hata iliyo nacho, mimi simruhusu mwanafunzi akitegemee. Ni kijichuma, na kijichuma huchakaa. Wengine hukitoa makusudi kwa sababu kinaifanya triga iwe ngumu, kisha wanaiuza bastola bila kumweleza anayenunua.

Kosa jingine linafanana na kutenda sawa, na ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mtu anajua vizuri kwamba chemba ina risasi. Anaivuta slaidi, risasi inaruka nje, anaiokota, anaridhika. Halafu anachomoa magazini. Lakini alipoiachia slaidi magazini ilikuwa bado ndani, kwa hiyo slaidi ilichukua risasi nyingine na kuitia chembani. Ana risasi moja mkononi, magazini mfukoni, na bastola iliyojaa. Ameona risasi ikitoka kwa macho yake mwenyewe, ndiyo sababu yu radhi kuapa kuwa ni tupu. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: mdomo wa mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, kidole kiwe nje ya triga, magazini itoke kwanza, ndipo slaidi ivutwe.

Na slaidi ikivutwa, kazi haijaisha. Kumbuka ndoano. Ikiwa imevunjika ncha, au imezibwa na uchafu wa baruti, au chemba imeshika kutu, slaidi itakwenda na kurudi kwa sauti ileile nzuri, na risasi itabaki mahali pake. Ceska ina jambo lake la ziada hapa. Bastola nyingi slaidi yake hufunika fremu kwa nje, lakini ya CZ 75 hupita ndani ya reli za fremu. Wapigaji wengi wanaisifu kwa utulivu wake, ila sehemu inayobaki ya kushika slaidi ni ndogo. Mkono wenye jasho unaweza kuteleza kabla slaidi haijafika mwisho. Kwa hiyo slaidi huvutwa hadi mwisho, zaidi ya mara moja, kisha hufungwa wazi kwa kuinua kizuizi kwa kidole gumba, maana bila magazini haitabaki wazi yenyewe. Hapo mtu anatazama ndani ya chemba kwenye mwanga, na kuigusa kwa ncha ya kidole kidogo kama ni usiku. Lazima aone tundu tupu, na aone shimo la magazini likiwa tupu hadi chini.

Kuhusu sefti, jibu langu ni kwamba haitoshi. Sefti ni jina la vitu kadhaa tofauti vya kuzuia bastola isifyatuke bila kukusudia. Kwenye CZ 75 ni kitufe cha pembeni kinachofunga mtambo nyundo ikiwa imelala nyuma. Nyundo ikiwa mbele, ile ya kawaida haikubali hata kuwekwa. Glock haina kitufe cha namna hiyo. Ina ulimi mdogo katikati ya triga, pamoja na vizuizi viwili vya ndani vinavyoachia triga ikivutwa tu. Ile ya 1911 ina kitufe na pia kibao nyuma ya mpini ambacho lazima kibanwe na kiganja. Vizuizi vya ndani vipo hasa kwa ajili ya bastola inayoanguka chini: vinaizuia pini isisogee kwa mtikisiko. Toleo la CZ 75 B limeongezewa kizuizi hicho cha pini, yale ya mwanzo hayakuwa nacho. Mume wako aangalie maandishi ubavuni ajue anacho kipi, kwa sababu bastola isiyo na kizuizi cha pini, ikiwa na risasi chembani, haifai hata kidogo kuwekwa juu ya kabati inapoweza kuanguka.

Hakuna sefti yoyote kati ya hizo iliyoundwa kumzuia mtoto mdadisi. Mtoto hujaribu kila kitufe. Triga ya Glock hutaka nguvu ya kilo 2 na nusu hivi, na ya Ceska ambayo nyundo yake imelala nyuma haiko mbali na hapo. Usijipe moyo kwamba vidole vyake ni dhaifu. Mtoto mdogo huigeuza bastola na kuibana triga kwa vidole gumba vyote viwili, na bastola iliyoshikwa hivyo inamtazama yeye mwenyewe kifuani.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Wenye CZ 75 hupenda kuirudisha nyundo mbele huku risasi ikiwa chembani: wanaishika kwa gumba, wanavuta triga, na kuishusha polepole. Gumba likiteleza, bastola inafyatuka. Toleo la CZ 75 BD lina kitufe cha kuishusha nyundo bila kugusa triga. Kama ya mume wako haina, na anaishusha kwa gumba kila jioni sebuleni, aache leo. Akiitoa risasi chembani kwa utaratibu nilioueleza hatakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Wenye Glock nao wana hatari yao: bastola ile haifunguliwi kusafishwa mpaka triga ivutwe kwanza, kwa hiyo aliyesahau kuangalia chemba ataipiga wakati wa kuifungua.

Usafishaji wenyewe nitaugusia kidogo tu, kwa sababu ya ndoano. Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi likichanganyika na mafuta mengi hugeuka tope gumu kwenye reli na chini ya ndoano. Kisumu shida ni unyevu wa ziwa, hasa bastola ikilazwa ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hushika maji na chuma kinaota kutu upande usioonekana. Mafuta machache, yapanguswe, na mkoba wa ngozi usiwe kitanda cha bastola.

Sasa mahali pa kuiweka. Juu ya kabati si mahali pa silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye cheti aitunze silaha yake mahali salama, na kabati ambalo mtoto hulifikia kwa kupanda kiti haliwezi kuitwa hivyo. Anahitaji sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, bastola tupu ndani yake, risasi zimefungiwa kwingine kwa ufunguo mwingine. Atakuambia kwamba mwizi akija hatakuwa na muda. Hiyo ni hoja ya kweli na usiidharau. Lakini mwizi anaweza kuja au asije, na watoto wenu wamo ndani ya nyumba kila siku.

Swali lako la mwisho, kama ujifunze kuitoa risasi mwenyewe. Cheti ni cha mume wako, hakikuruhusu wewe kuishika bastola ile, na kwa mtu ambaye hajafunzwa mkono kwa mkono, maelezo ya maandishi kama haya hayatoshi. Ukiikuta mezani, usiiguse: watoe watoto chumbani, simama mlangoni, mpigie simu aje. Unachoweza kufanya, na hakuna sheria inayokikataza, ni kuwa jicho la pili. Akirudi jioni, aitoe magazini, aivute slaidi na kuifunga wazi, kisha akuite uione chemba kabla ya kuifungia kwenye sefu, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa mbali nanyi nyote. Utaona mwanga ukipita kwenye tundu hadi mwisho wa mtutu. Ukiona shaba yoyote pale, mwambie hapohapo, naye aanze upya kwa kuhakikisha magazini imetoka.